Modeli yangu inazikataa takwimu za Zanzibar za 2012. Nimekosea wapi?

BintiUnguja

Assalaam alaykum nyote.

Naomba msaada, na mnivumilie kwa urefu. Mimi ni mshauri nasaha niliyeingia kwenye takwimu ukubwani. Miaka saba nimekaa kwenye chumba cha kupimia VVU mjini Unguja, na jioni nikitoka na waelimisha rika kwenda maskani za mitaa ya Ng'ambo, mjini humo humo, wanakokaa vijana wanaotumia unga, yaani heroini. Sasa nasoma shahada ya pili, na tasnifu yangu ni modeli ya kihisabati: virusi vinapitaje ndani ya makundi yaliyo hatarini zaidi, kwenye nchi ambayo watu wake wengi hawana virusi.

Kwa wasiotoka huku: Zanzibar iligundua wagonjwa wake watatu wa mwanzo mwaka 1986, na tangu hapo kiwango cha maambukizi kwa watu wote kimebaki chini. Utafiti wa 2007-08 ulikuta 0.6% ya watu wa miaka 15 hadi 49. Ule wa 2011-12 ulikuta 1.0%, wakati Tanzania nzima ilikuwa 5.1%. Watu husikia 1% wakapumua. Mimi sikuwahi kupumua, kwa sababu chumbani kwangu zilipita wiki nisione jibu chanya hata moja, halafu siku moja nitoke maskanini na majibu manne.

Takwimu za makundi ndizo zinazoeleza. Utafiti wa Unguja wa 2007 ulikuta virusi kwa 16.0% ya watu wanaojidunga, 12.3% ya wanaume wanaofanya ngono na wanaume, na 10.8% ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Ukarudiwa 2011-12. Wanaojidunga wakashuka hadi 11.3%. Wanawake wa biashara ya ngono wakapanda hadi 19.3%. Na wanaume wanaofanya ngono na wanaume wakaporomoka hadi 2.6%.

Modeli yangu ni ya vyumba. Kila kundi lina vyumba vinne: asiye na virusi, aliyeambukizwa karibuni (ile miezi mitatu ya mwanzo ambayo virusi vimejaa mwilini), anayeishi navyo muda mrefu, na aliye kwenye dawa. Kasi ya mtu kutoka chumba cha kwanza kwenda cha pili inategemea mambo matatu: anakutana na wenzake mara ngapi, wangapi kati ya hao wana virusi, na kila tendo lina hatari kiasi gani. Hatari za tendo nimezichukua kwenye makadirio yanayotumika sana duniani: kwa kila matendo 10,000 na mtu mwenye virusi asiye kwenye dawa, kutumia sindano yake huambukiza mara 63, kuingiliwa nyuma mara 138, mwanamke kuingiliwa mbele mara 8, mwanaume kwa njia hiyo hiyo mara 4.

Nimeianzisha 2007 kwa viwango vile vitatu na kuiacha ijiendeshe. Wanaojidunga inawafikisha 2012 karibu na pale utafiti ulipowakuta. Wanawake inawapandisha kidogo tu. Lakini wanaume wanaofanya ngono na wanaume inawaacha kwenye 10% na ushei. Nimebadilisha matumizi ya kondomu, nimebadilisha idadi ya wenza, hainifikishi 2.6 bila kuweka tarakimu ambazo mimi mwenyewe naona ni uongo.

Anayenisimamia ameniambia nipunguze idadi ya wenza kwa mkono mpaka mstari upite kwenye nukta. Nimeshindwa kulala. Nikifanya hivyo, tasnifu itasema wanaume hawa walibadili mwenendo kwa kiasi kikubwa, na kuna mtu atasoma aseme basi, kundi hilo limeshapona, pesa zipelekwe kwengine. Mimi nimewashika mikono hao watu wakati wa kusomewa majibu.

Tatizo ni la modeli, la takwimu, au ni langu?

Kikokotoo_Ilala

Wa alaykum salaam dada. Vizuri umeuliza kabla ya kuusogeza huo mstari.

Weka kompyuta pembeni, chukua karatasi. Tuanze na dhana iliyo nzuri kupita kiasi: tangu siku ulipoisha utafiti wa 2007, hakuna hata mwanaume mmoja wa kundi hilo aliyeambukizwa tena. Sifuri kwa miaka mitano. Je, 12.3 itashuka hadi wapi?

Bila dawa, mtu mwenye virusi huishi kwa wastani kama miaka 11, kwa hiyo kila mwaka kifo huondoa kama 9% yao. Baada ya miaka mitano utabaki na karibu 7.8%. Kwa vifo peke yake hufiki. Na wale waliopata ARV hawafi, wanabaki kuhesabika, kwa hiyo dawa zinazuia kiwango kisishuke. Hili huwachanganya wengi: programu nzuri ya matibabu inaweza kukifanya kiwango kisimame au kipande, na hiyo ikawa habari njema.

Sasa ongeza wanaotoka kwenye kundi. Tuseme mtu hukaa humo miaka mitano kisha anaoa na kuacha, au anahama, na anayeingia badala yake hana virusi. Hapo unapoteza 20% nyingine kwa mwaka. Piga hesabu: 12.3 inakuwa 2.9. Umeona? Hata kwa sifuri ya maambukizi, hata kwa kundi linalojibadilisha kwa kasi hiyo, ndiyo kwanza unakaribia 2.6. Kosa la sampuli litakumalizia hiyo tofauti ndogo, sawa, lakini itabidi uamini miaka mitano bila ambukizo hata moja, mahali ambapo huduma kwa kundi hilo zilikuwa changa na watu wanajificha.

Mimi siamini. Modeli yako haijakosea, inakupa taarifa: waliopimwa 2012 kwa sehemu kubwa si mtandao ule wa 2007.

Unajua sampuli zilivyopatikana. Huwezi kugonga mlango kwa mlango ukauliza mambo haya, kwa hiyo unaanza na watu wachache, unawapa kuponi, kila mmoja analeta wenzake, wenzake wanaleta wenzao. Heckathorn alipoieleza njia hii 1997 alionyesha kwamba mawimbi ya watu kuletana yakiwa mengi ya kutosha, athari ya wale wa mwanzo inafifia. Inafifia pale ambapo mtandao ni mmoja uliounganika. Kama mjini kuna mitandao miwili isiyosalimiana, kuponi zinazunguka ndani ya mmoja na hazivuki.

Rudi kwenye ripoti ya wanaume wale 509 wa 2007. Kama 14% kati yao walikuwa wamejidunga ndani ya miezi mitatu iliyotangulia, na kujidunga kulihusiana na kuwa na virusi. Nadhani jibu lako limo humo.

BintiUnguja

Kaka Kikokotoo, nimesoma mara tatu. Hesabu hii ya karatasi imenipa jasho, kwa sababu niliwahi kuwa upande wa pili wa fomu.

Kulikuwa na kijana, simtaji wala mtaa simtaji. Alikuwa anajidunga. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikimbana na hana pesa ya kete, kulikuwa na wanaume wa kumpa hiyo pesa, na anajua wanataka nini. Alikuwa pia na mke. Fomu yetu ilikuwa na kisanduku kimoja cha "kundi". Nikamuuliza, nikuandike wapi? Akasema, "Andika unga, hayo mengine ni ya unga." Nikaandika "anajidunga". Kwa takwimu zangu za mwezi ule, mwanaume anayefanya ngono na wanaume hakuwepo.

Modeli yangu ina visanduku vile vile. Duara tatu, kila mtu kwenye duara moja.

Nanga_Likoni

Habari zenu. Mimi si mtu wa hesabu. Ni mtu wa Mombasa, nimetumia unga miaka kumi na minne, kujidunga kati ya hiyo ni tisa. Methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga, ilipofika huku Pwani 2015 nilikuwa wa mwanzo mwanzo kupanga foleni, na sasa ni muelimisha rika. Nimeona hiyo tarakimu ya sindano, 63 kwa 10,000, na nina la kusema.

Sindano si kitu kimoja, dada yangu. Kuna kudunga na bomba la mwenzako aliyelisuuza. Kuna bomba lako mwenyewe lakini kijiko ni kimoja na maji ni yale yale. Na kuna ile ya damu: mwenye pesa anajidunga, anavuta damu yake mpaka ijae bombani, anampa asiye na pesa ajidunge hiyo damu, kwa imani kuwa unga umo ndani na utamtuliza arosto. Watafiti waliliandika hili Dar es Salaam mwaka 2005, wakilikuta kwa wanawake. Nami nimeliona kwa macho yangu. Anayempa mwenzake damu anaona amemsaidia, na ndiyo maana kulizuia ni kugumu kuliko kugawa sindano. Sasa wewe uniambie hiyo nayo ni 63.

La pili, maskani hazikai mahali pamoja. Mwishoni mwa 2010 na mwanzo wa 2011 unga uliadimika huku pwani ya Kenya. Siwezi kuwasemea Unguja, kila mtu na bahari yake. Lakini kwetu, muda ule watu walihangaika vibaya: kuna waliochanganya vidonge, kuna waliorudi kwao bara, kuna waliokufa. Ulipopatikana tena, maskani zilikuwa na sura nyingine. Mtu anayekuja na karatasi baada ya hapo akaandika "watumiaji wa Mombasa" anaandika watu wengine kabisa, jina la mahali ndilo limebaki.

La tatu ni hao wanawake. Umesema modeli inawapandisha kidogo, na utafiti umewapandisha sana. Modeli yako ina boti?

BintiUnguja

Boti gani, mjomba?

Nanga_Likoni

Boti ya Dar, dada. Kila siku zinashusha watu hapo bandarini. Wasichana wanafuata msimu wa watalii na wengine wanarudi bara msimu ukiisha. Ukiifungia Unguja kama chupa, kila aliyekutwa na virusi lazima awe ameambukizwa Unguja. Kuna aliyeshuka navyo.

MilinganyoNairobi

Nimefuatilia kimya, ila hili la boti limenitoa. Ndugu Nanga amelipata sawasawa, na linahesabika.

Ili wanawake wapande kutoka 10.8 hadi 19.3 kwa miaka mitano, wakiwa wanatoka kundini kwa 20% kwa mwaka, na vifo, na wapya wote wakiingia bila virusi, unahitaji maambukizi mapya kama 7 kwa kila wanawake 100 kila mwaka. Ni mengi mno kwa mahali ambapo wanaume wengi hawana virusi. Ruhusu sehemu ya wapya waingie tayari wanavyo, kwa kiwango cha bara, na mahitaji hayo yanashuka. Wala hii si ya kumlaumu msichana wa boti. Ni kwamba huduma yake inapaswa kuanza siku anaposhuka, na kadi yake ya ARV ikubalike upande wa pili wa maji.

Nakushauri haya, dada.

Vunja duara. Badala ya kundi, mpe kila mtu tabia, kila moja ndiyo au hapana. Mwanaume: anajidunga? anafanya ngono na wanaume? ananunua ngono? Hapo una aina 8. Mwanamke: anajidunga? anauza ngono? Aina 4. Jumla 12, na kila aina na hatua zako nne za maambukizi: vyumba 48. Kompyuta ya kawaida inaendesha hiyo kwa sekunde. Kijana wako wa kisanduku kimoja atakuwa na chumba chake, na kasi yake ya kuambukizwa itakuwa ya sindano kujumlisha ya ngono. Mke wake naye yumo, na yeye ndiye hesabu nyingi humsahau. Kenya tulipofanya hesabu ya chanzo cha maambukizi mapya mwaka 2008, sehemu kubwa kuliko zote, 44%, ilitoka kwa watu walio kwenye ndoa na uhusiano wa kudumu, si kwenye makundi yanayoogopwa.

Pili, sawazisha wateja. Hapa modeli nyingi hulala. Ukisema wanawake 4,000 wana wateja watano kwa wiki, umesema matendo 20,000 kwa wiki, na lazima kuwe na wanaume wa kuyatenda. Kama umeweka wateja 30,000, kila mmoja huenda mara mbili kwa wiki tatu. Kama umeweka 5,000, kila mmoja huenda mara nne kwa wiki. Hizo ni nchi mbili tofauti kwa virusi, na wanawake ni wale wale. Uliza wateja, kama unaweza.

Tatu, watu wako ni wachache. Makadirio ya 2012 ya Zanzibar yaliwaweka wanaume wa kundi lile kuwa kama 2,100. Asilimia 2.6 yao ni watu kama 55. Milinganyo laini itakupa 0.4 ya mtu akimwambukiza 0.2 ya mwenzake. Kwa idadi hiyo bahati ina nguvu: mtu mmoja akihamia Pemba, mnyororo umekatika. Tumia mbinu ya Gillespie, ambapo kila tukio linapigiwa kura, endesha mara elfu, onyesha utepe wa majibu badala ya mstari mmoja.

Na hilo la kusogeza kigezo kwa mkono, usilifanye. Acha nukta ya 2.6 nje ya usawazishaji, yaani kurekebisha vigezo mpaka modeli ilingane na takwimu; seti nzima ya vigezo isawazishwe na takwimu nyingine, kisha ionyeshe nukta hiyo kwenye grafu ikiwa peke yake, mbali na utepe. Eleza kwa nini. Msomaji mwenye akili ataona umbali huo na atauliza maswali yanayofaa.

Kikokotoo_Ilala

Naongeza moja juu ya hili la Milinganyo, kwa sababu ndilo swali utakaloulizwa ukumbini. Sensa ya 2012 ilihesabu Wazanzibari 1,303,569. Chukulia nusu ni wa miaka 15 hadi 49, kwa 1.0% wenye virusi ni kama 6,500. Sasa jumlisha makundi matatu: wanawake kama 4,000 kwa 19.3%, wanaojidunga kama 3,000 kwa 11.3%, wanaume 2,100 kwa 2.6%. Unapata kama 1,160. Yaani watu wasiozidi asilimia moja na nusu ya umri huo wanabeba chini kidogo ya moja ya tano ya virusi.

Mtu atasimama akuambie: basi nne ya tano ziko nje ya makundi, tuachane nayo. Jibu lake ni kwamba hiyo ni picha ya walionavyo leo, si ya vinakopita. Wamo wake, wamo waliokuwa wateja zamani, wamo waliouza ngono wakaacha, wamo walioambukizwa bara. Endesha modeli yako mara mbili, mara ya pili ukizima maambukizi ndani ya makundi kuanzia 2007, ulinganishe idadi ya wapya kwa watu wote. Tofauti hiyo ndiyo mchango wa makundi.

Na kama unataka mfano wa kisiwa kingine, tazama Mauritius. Mwaka 2005 zaidi ya 90% ya walioandikishwa na maambukizi mapya walikuwa wanajidunga, katika nchi ambayo kwa ujumla ilikuwa na virusi kidogo. 2006 wakaanzisha methadoni na ugawaji wa sindano, na sehemu hiyo ikashuka mwaka hadi mwaka. Kwetu methadoni ilianza Muhimbili Februari 2011, na Unguja ikafika baadaye, kwa hiyo tafiti zako zote mbili zimeikuta Unguja bila hiyo dawa. Usiiweke kwenye modeli kabla ya wakati wake.

BintiUnguja

Nimerudi baada ya wiki tatu. Nawashukuru, na Mungu awalipe.

Nimeivunja ile modeli yote nikaandika upya kwenye R, programu ya kompyuta ya takwimu, vyumba 48. Sehemu iliyonitesa ni wateja, Milinganyo ulisema kweli. Tafiti zinawauliza wanawake, wanaume wanaonunua hawaulizwi, na nikabaki nabahatisha. Nimeweka upana: kutoka wateja 5,000 hadi 40,000, na majibu yanayumba kwa kadiri hiyo. Nimeiandika wazi kwenye sura ya nne kwamba hiki ndicho kigezo ninachokifahamu kidogo kuliko vyote na ndicho kinachotikisa modeli kuliko vyote.

Mjomba Nanga, sindano nimezigawa mara mbili: za kuazimana na za damu. Hii ya pili nimeipa upana mkubwa, kwa sababu sikupata popote aliyeipima. Boti nimeitia.

Nilipoweka wanaojidunga na kufanya ngono na wanaume kwenye chumba chao, kwa ile 14% ya 2007, kitu kilionekana ambacho duara tatu zilikuwa zinakificha. Kwenye mizunguko mingi, virusi vilivyopo kwa wanaume wasiojidunga vinaishiwa nguvu vyenyewe pale kondomu zinapotumika kiasi, na vinarudishwa na hawa wachache wenye tabia mbili. Ukiwatazama wasiojidunga peke yao, kiwango ni cha chini. Ukiwatazama wenye tabia mbili, ni cha juu sana. Ukiwachanganya, unapata wastani unaotegemea umewachanganya kwa kipimo gani. Kwa hiyo 12.3 na 2.6 zinaweza zote kuwa kweli, kila moja kwa watu iliowafikia. Sijathibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nimeonyesha kwamba inawezekana bila mtu yeyote kubadili mwenendo, na nukta ya 2.6 nimeiacha nje ya utepe kama mlivyonishauri.

Anayenisimamia alikaa kimya muda mrefu kwenye grafu ile. Kisha akaniuliza kama naweza kupata fomu za zamani tuone wangapi walistahili visanduku viwili. Nikamwambia haziwezi kusema, kwa sababu mimi na wenzangu ndio tuliozijaza.

Nilikwenda pale nilipokuwa nikifanya kazi nikaomba kukaa na waelimisha rika. Tumeandika rasimu ya ukurasa mmoja: neno "kundi" limetolewa, yamewekwa maswali matatu, kila moja na ndiyo yake na hapana yake, na la nne kuhusu lini mara ya mwisho alivuka maji. Hakuna jina. Juzi jioni tuliipeleka maskanini kuona kama maswali yanaeleweka. Wa mwanzo kuijaza aliuliza kama inaruhusiwa kutia alama kwenye ndiyo zaidi ya moja.

Nikamwambia inaruhusiwa. Akatia mbili.